Difu yavuma baada ya kutia krauni na pinioni mpya: sikiliza kwanza, spana baadaye

Somo hili nimelilipia kwa mfuko wangu. Nilitia krauni na pinioni mpya, yaani gia kubwa na ile ndogo inayoizungusha ndani ya difu (kasha la gia katikati ya ekseli ya nyuma), kwenye Hiace ya abiria inayokwenda Malindi–Garsen. Nikarudisha washa ileile ya zamani kwenye pinioni, ile inayopanga kina chake, plei (nafasi ya kucheza kati ya meno ya gia hizo mbili) nikaipima kwa kidole, nikafunga. Ilivuka daraja la Sabaki kimya. Kabla ya Mambrui dereva akanipigia: "Fundi, huku nyuma kuna ndege yataka kuruka." Nikafungua upya, bure.

Hatua ya 1. Hakikisha ni difu. Endesha kwenye lami nzuri, barabara ya Gede yatosha, kisha teremka kwenye vumbi. Sauti ikibadilika na barabara, hayo ni matairi. Mahali pasipo magari, yumbisha usukani taratibu kulia na kushoto. Mvumo ukizidi gari likielemea upande mmoja, shuku beringi ya gurudumu. Krauni haijali hayo. Yenyewe yajali mguu wako.

Hatua ya 2. Yalia lini? Gari la abiria gavana, kidhibiti mwendo, hulifunga kilomita 80 kwa saa, basi jaribu kati ya 50 na 80. Ikilia ukikanyaga mafuta na kunyamaza ukiachia, meno yanagusana vibaya upande wa kusukuma. Ikilia ukiachia tu, anza na nati na beringi za pinioni, huenda zimelegea. Mngurumo usiojali mguu, unaopanda na spidi tu, ni beringi. Ile ya pinioni sauti yake ni nyembamba na ya haraka: difu ya meno 41 kwa 10 huzungusha pinioni mara 4.1 kila gurudumu likizunguka mara moja. Ukisikia gonga moja kila mzunguko wa gurudumu, simama. Jino limemeguka au bolti za krauni zimelegea.

Hatua ya 3. Oili. Mwaga kwenye karai safi. Unga mwororo kama wanja si kitu, meno mapya hutoa huo. Vipande unavyovisikia kidoleni ni habari nyingine.

Hatua ya 4. Rangi. Hapa ndipo nilipokosa, na nawaona wenzangu wengi wakiruka vilevile, wakijisifu kwamba masikio yao yatosha. Futa oili kwenye meno, paka rangi ya mafuta ya njano iliyolainishwa kwa oili kidogo, meno manne au matano, sehemu tatu za krauni. Mwenzako aizuie krauni kwa kipande cha mbao ili iwe na uzito, wewe zungusha flenji ya pinioni, pale propela inapofungwa, kwa spana, mbele na nyuma. Sasa soma alama ambayo pinioni imeiacha kwenye rangi.

Ikikaa katikati ya jino, shukuru Mungu. Ikipanda kileleni, pinioni iko mbali na krauni: kwa difu za Toyota za aina hii tia washa nene zaidi nyuma ya kichwa cha pinioni. Ikizama kwenye shina la jino, tia nyembamba. Ikikimbilia ncha ya nje ya jino, upande wa ukingo wa krauni, sogeza krauni karibu na pinioni. Ikikimbilia ncha ya ndani, iondoe kidogo. Kina cha pinioni kwanza, plei baadaye. Mimi nilifanya kinyume, nikahangaika na plei siku nzima huku alama imekaa kileleni inanicheka.

Plei ya difu nyingi za Hilux na Hiace ni milimita 0.13 hadi 0.18. Kidole hakipimi hiyo, azima daili geji, ile saa ya kupimia. Pima sehemu tatu. Zikitofautiana sana, kuna uchafu chini ya krauni au imepinda.

Ile spesa ya kubonyea, bomba fupi kati ya beringi za pinioni linalobonyea nati ikikazwa, hutumika mara moja tu. Ukikaza nati kupita kiasi, usiilegeze ukadhani umerekebisha: toa, tia mpya. Kwa hiyo majaribio ya rangi yafanye bila spesa, mpya ibaki ya mwisho.

Hatua ya 5. Kulainisha. Kilomita 20 za kwanza polepole, egesha ipoe. Kilomita 800 bila mzigo mzito, kisha badilisha oili. Mwenye matatu hatapenda, mwambie mapema.

Maswali ya wanachama

*Fundi, Probox yangu yavuma nyuma. Nitafute krauni?*
Ndugu yangu, Probox ya kawaida huvutwa na magurudumu ya mbele, nyuma haina difu. Ni ile ya magurudumu manne tu yenye nayo. Tazama beringi na matairi.

*Nimeambiwa nitie oili 140 au unga wa mbao, itanyamaza.*
Itanyamaza mpaka umuuzie mtu gari, kisha akutafute. Unga wa mbao huziba njia za oili, beringi zikaungua. Tia oili ya gia namba 90, daraja la GL-5.

*Mzee, nimepata krauni ya mtumba, pinioni ninayo ya zamani. Zitaelewana?*
Hapana. Hizo mbili husagwa pamoja kiwandani na mara nyingi huandikwa namba moja. Nunua jozi.

*Yangu inakatakata kwenye kona tu, nikienda moja kwa moja kimya.*
Uliza kama ni ile difu yenye klachi ndani. Hiyo hutaka oili yake maalumu. Kama siyo, fungua utazame meno madogo ya katikati na washa zake.

*Kaka, ilikuwa kimya wiki mbili, leo asubuhi imeanza kulia.*
Pandisha jeki, tia stendi, fungua propela, shika flenji ya pinioni uisukume juu na chini. Ikitikisika hata kidogo, beringi imelegea. Usiende nayo hata Mambrui.