Mkojo wa kubana ghafla: bandika mashine ya TENS kifundoni

Mtaalamu wa fiziotherapia amemfundisha mama yangu hili, na natamani tungelijua mapema. TENS ni kimashine kinachopitisha umeme hafifu kwenye ngozi kupitia vibandiko. Kibandiko kimoja weka upande wa ndani wa mguu, nyuma kidogo ya mfupa wa kifundo; cha pili vidole vinne juu yake. Weka kasi ya mapigo ya umeme hezi 10 hadi 20 (mapigo kwa sekunde), upana wa kila pigo maikrosekunde 200, kisha ongeza umeme polepole. Ukisikia mchonyoto unashuka hadi kwenye unyayo, au kidole gumba kinacheza chenyewe, umepata penyewe. Pasipo hivyo, sogeza kibandiko kidogo tu. Dakika 30 kwa siku, wiki 12. Msikate tamaa wiki ya pili. Neva inayopita hapo inatokana na mizizi ileile ya uti wa mgongo inayoongoza kibofu, ndiyo maana kibofu kinatulia.

Mkojo unaotoka ukikohoa au kucheka hautibiwi hivi. Huo unataka mazoezi ya kukaza misuli ya sakafu ya nyonga, ile unayoibana kuzuia mkojo. Ukiwa mjamzito, una kifaa kilichopandikizwa cha kurekebisha mapigo ya moyo, au una kifafa, usijaribu kabla ya kumwona daktari. Mkojo ukichoma au ukiwa na damu, kapime kwanza.