Somo: Kurasa ambazo mchoraji wa bede (hadithi za picha) azibebe anapohamia ugenini

Vijana wengi wa Lubumbashi wanauliza waanzie wapi wakifika Ulaya au Marekani. Anzia hapa hapa, kabla ya viza. Pat Masioni alipokimbilia Ufaransa mwaka 2002, alikuwa ameshasoma sanaa Kinshasa na kuchora bede za dini miaka mingi. Hata hivyo albamu yake Rwanda 1994 ilitoka 2005, na kurasa zake za bede ya Unknown Soldier kwa Vertigo, wachapishaji wa Kimarekani, zikaja baadaye zaidi.

Hatua ya 1: Chora tukio moja, kurasa tano mfululizo. Picha moja ya shujaa mwenye misuli haimwambii mhariri kama unajua kusimulia. Chukua muuza makala (mkaa) anayesukuma baiskeli kuingia mjini alfajiri. Kisanduku cha kwanza: barabara yote, yeye ni kitone. Cha pili: kamba ya mpira iliyokaza magunia, uzi mmoja umeshachanika. Cha tatu: mkono kwenye usukani, mishipa imetoka. Cha nne, mwisho wa ukurasa: gunia liko hewani. Usiandike "paa!" Mwache msomaji afunue ukurasa mwenyewe.

Hatua ya 2: Jua vipimo vya unakokwenda. Wamarekani huchorea karatasi ya inchi 11 kwa 17. Toleo la mwezi lina kurasa kama 20, na kazi hugawanywa: huyu penseli, yule wino, mwingine rangi. Albamu ya Ufaransa au Ubelgiji kwa kawaida ina kurasa 46 hivi, na mara nyingi penseli na wino ni vya mtu mmoja. Mwenye mkono wa polepole asikimbilie Marekani.

Hatua ya 3: Piga wino wa Kichina, skani kwa nukta 600 kwa inchi, maneno yakae kwenye faili lake ili yatafsirike.

Hatua ya 4: Tuma nakala. Karatasi zenyewe zisitoke nyumbani.

MASWALI (kutoka mitaa ya Lubumbashi)

Kutoka Katuba: Yaya (mkubwa wangu), mimi nachora manga tu, bede za mtindo wa Kijapani. Nibadilike?
Jibu: Hapana, ila macho makubwa yasikufiche kwamba hujui kuchora mikono. Ninaona dosye (mafaili ya kazi za wachoraji) nyingi ambazo kila mtu ameficha mikono mfukoni!

Kutoka Ruashi: Mwalimu, kuandika hadithi kunanishinda.
Jibu: Tafuta mwandishi. Barly Baruti, mwana wa Kisangani, alichora Eva K. na Mandrill kwa hadithi za Mfaransa Frank Giroud.

Kutoka Kampemba: Kuna mtu anataka nimlipe ndipo achapishe albamu yangu.
Jibu: Huyo ni mpiga chapa, mdogo wangu. Mchapishaji ndiye anayekulipa wewe. Na akikulipa, soma mkataba: kwenye kampuni kubwa za Marekani, mhusika uliyembuni kwa kazi ya kuagizwa mara nyingi hubaki mali yao. Uliza hilo kabla ya kutia sahihi, na uliza kwa maandishi.