Namna ya Kupima Madhara ya Oksijeni Nyingi kwa Nzi wa Matunda

Tenga nzi waliotoka bundoni (hatua ya mdudu kati ya buu na nzi kamili) siku moja, uwagawe katika chupa mbili zenye uji mzito wa ndizi na hamira: moja ikae katika hewa ya kawaida, yenye oksijeni asilimia 21, na nyingine katika sanduku linalopitishiwa oksijeni tupu iliyolowanishwa. Usiruhusu moto wala cheche karibu, kwani humo hata pamba huwaka kwa kasi ya kutisha. Joto liwe nyuzi 25 kote, jambo ambalo usiku wa Julai hapa Nairobi hudai chumba cha joto cha maabara.

Hesabu wafu kila asubuhi. Nzi wa hewa ya kawaida huweza kuishi miezi miwili. Wale wa oksijeni tupu hufa baada ya wiki moja hivi, mitokondria (sehemu za seli zinazozalisha nishati) za misuli ya mbawa zikiwa zimeharibika. Andika pia kanieneo (mgandamizo) ya hewa, kwani oksijeni inayowafikia nzi huitegemea, nayo Nairobi ni ndogo kuliko Mombasa.