Kukadiria dozi ya mionzi kwa mtoto kabla ya picha ya figo

Kukata nusu ya kiasi cha dawa yenye mionzi anachopewa mtu mzima si njia ya kumkadiria mtoto. Megabekereli 1 (kizio cha kiasi cha mionzi kwenye dawa) ya DMSA, dawa inayojikusanya kwenye figo, ikiwa imebeba teknishiamu-99m inayotoa mionzi, humpa mtu mzima dozi ya takribani milisiveti 0.0088 (kizio cha mionzi ambayo mwili hupokea), ilhali mtoto wa miaka 5 hupata 0.021 kwa kiasi hicho hicho, kwa sababu mwili wake ni mdogo na viungo vyake vimekaribiana. Tuchukue mfano wa mtoto wa miaka 5 mwenye kilo 20, anayechunguzwa makovu ya figo baada ya maambukizi ya njia ya mkojo.

Hatua ya 1. Hakikisha kwamba jibu linalotafutwa haliwezi kupatikana kwa kipimo kisichotumia mionzi, kama vile ultrasaundi.

Hatua ya 2. Mpime mtoto uzito siku hiyo hiyo. Usitegemee uzito ulioandikwa kwenye kadi yake ya zamani.

Hatua ya 3. Kokotoa kiasi cha dawa. Mwongozo wa Amerika Kaskazini hutoa megabekereli 1.85 kwa kila kilo, yaani 37 kwa mtoto wetu. Kadi ya EANM, yaani Jumuiya ya Tiba ya Nyuklia ya Ulaya, huzidisha kiasi cha msingi, 6.8, kwa kigawe cha uzito, ambacho kwa kilo 20 ni 4.86, na jibu ni 33. Majibu yote mawili yanakubalika, mradi idara ichague mwongozo mmoja na kuufuata. Usishuke chini ya 18.5: mtoto mchanga wa kilo 4 angestahili 7.4 kwa hesabu ya kilo, lakini picha ingekuwa hafifu au ingechukua muda mrefu mno hata mtoto ajitikise, na kipimo kikirudiwa mionzi huongezeka maradufu. Kwangu mimi, kupunguza kupita kiasi ni hatari sawa na kuzidisha.

Hatua ya 4. Badili kiasi hicho kuwa dozi: 37 × 0.021 ni milisiveti 0.78, ambayo ni chini ya wastani wa dunia wa mionzi ya asili, takribani 2.4 kwa mwaka. Mweleze mzazi hivyo, kwa utulivu na bila kuficha. Kumbuka tu kwamba 0.021 imekokotolewa kwa mwili wa kielelezo wa umri huo, kwa hiyo haifai kutabiri kama mtoto huyu atapata saratani.

Hatua ya 5. Tayarisha sindano. Teknishiamu-99m hupungua kwa nusu kila baada ya saa 6, hivyo dawa inayovutwa saa 1 asubuhi ili idungwe saa 4 lazima iwe na megabekereli 52. Pima mionzi iliyomo kwenye bomba la sindano kabla na baada ya kudunga, kwa maana DMSA hung'ang'ania plastiki, na kinachobaki hakikuingia mwilini. Andika kwenye faili tofauti ya vipimo hivyo viwili, baada ya kuvirekebisha kwa saa ya kudunga, kisha urudie hesabu ya hatua ya 4 kwa kutumia tarakimu hiyo.