Tufaa la Bustanini: Chagua kwa Baridi ya Kwenu

Kabla hujanunua mche wa tufaa, jiulize alfajiri ya mwezi wa saba kwenu huwaje. Ni baridi ya kuvaa koti zito na kuota moto, au ni ya kujifunika shuka tu? Jibu la swali hilo lina uzito kuliko mbolea na kuliko dawa yoyote utakayonunua baadaye, kwa sababu tufaa ni mti wa baridi na tabia hiyo hauiachi hata ukihamia kwetu.

Asili yake ni milima ya Asia ya Kati, upande wa Kazakhstan. Huko majira ya baridi ni makali, na mti umezoea kujihami kwa kulala. Hupukutisha majani, hufunga macho yake (vifundo vinavyotoa majani na maua), na hauyafungui mpaka upate saa za kutosha za baridi iliyo chini ya nyuzi 7 za sentigredi. Golden Delicious na Red Delicious, aina zinazojulikana sana katika masoko ya dunia, huhitaji zaidi ya saa 600 za namna hiyo. Zikipandwa mahali ambapo saa hizo hazipatikani, macho machache ya kwenye ncha za matawi ndiyo hufunguka, na sehemu kubwa ya tawi hubaki uchi. Maua nayo hujitokeza moja moja, leo hapa, baada ya mwezi kule. Mwenye mti huona majani, akaongeza mbolea, na mti ukaongeza majani.

Kwa hiyo tufaa ni zao la nyanda za juu. Kwa Tanzania nazungumzia Njombe, Makete, milima ya Mbeya, na sehemu za juu za Lushoto. Kenya ni Limuru, Molo, Nyandarua na majirani zao. Uganda ni Kabale, ambako wakulima wamekuwa wakizalisha matufaa kwa miaka mingi sasa. Kwa mkulima wa nyumbani, mwinuko wa mita 1,800 na kuendelea ndio mahali pa kuanzia bila wasiwasi. Chini ya hapo bado unaweza kujaribu kwa aina zisizodai baridi nyingi, lakini kazi ya mikono itaongezeka. Aliyeko Pwani au kando ya Ziwa Victoria namshauri aiweke nafasi hiyo kwa mwembe au mparachichi. Atakula matunda mapema na mengi zaidi.

Aina mbili, si moja

Aina ninazozipendekeza kwa bustani za nyumbani ni Anna na Dorsett Golden, na Ein Shemer ikipatikana. Anna ilizalishwa Israel kwa ajili ya maeneo ya joto na huridhika na saa 200 hadi 300 za baridi. Tunda lake ni refu kidogo, la kijani-njano lenye wekundu upande uliopigwa na jua, na lina maji mengi na ukakasi wa kupendeza. Dorsett Golden ilitoka Bahama, visiwa ambavyo baridi yake ni ndogo sana, na tunda lake la njano linafanana na Golden Delicious.

Nunua Anna pamoja na mojawapo ya hizo mbili. Ua la Anna halishiki tunda vizuri kwa chavua yake lenyewe, linataka chavua ya aina nyingine inayochanua wakati uleule, na Dorsett Golden na Ein Shemer huchanua nayo. Ukipanda miche miwili ya Anna bado umepanda aina moja. Miti ikae karibu, ndani ya mita kumi na tano hivi, ili nyuki wasihangaike. Kama uwanja ni mdogo na mti mmoja tu ndio unaoingia, mwombe mwenye kitalu abebeshe, yaani aunganishe, tawi la aina ya pili juu ya mti huohuo. Na wakati wa maua usipulizie kiuatilifu chochote. Nyuki akifa wakati huo, mavuno ya mwaka yamekwenda naye.

Wapo wanaotunza mbegu za tufaa walilokula na kuziotesha kwenye kopo. Mche utaota, na utakuwa mzuri wa kutazama. Lakini kila mbegu ya tufaa ni mchanganyiko mpya wa baba na mama, kwa hiyo mti utakaotoka hautazaa tunda ulilokula. Mara nyingi huzaa matunda madogo na machungu, tena baada ya miaka sita, minane au zaidi. Mche wa kubebesha huanza kuzaa mwaka wa pili au wa tatu, na unajua utakula nini.

Kwenye mche wa kubebesha, usiulize jina la sehemu ya juu pekee. Uliza umebebeshwa juu ya shina gani, maana shina la chini ndilo huamua ukubwa wa mti na uvumilivu wa mizizi. Kwa nyumbani, MM106 ni chaguo zuri. Huufanya mti uwe wa wastani, wa kuchumwa kwa kusimama juu ya kigoda, na mizizi yake huwastahimili vidukari wa pamba, wadudu wadogo wanaojifunika utando mweupe. Udhaifu wake ni kuoza shingo, yaani shina karibu na udongo, mahali penye maji yaliyotuama. Udongo wako ukiwa mwepesi na kiangazi ni kirefu, MM111 huvumilia ukame vizuri zaidi, ingawa mti huwa mkubwa kidogo. M9 nakuomba uiache. Ni fupi na huzaa mapema, lakini mizizi yake ni dhaifu, inahitaji nguzo maisha yake yote na maji ya uhakika. Hiyo ni ya shamba lenye umwagiliaji na msimamizi.

Ukifika kitaluni, tafuta kovu la kubebesha karibu na chini ya shina. Lazima lionekane, kama kifundo au kipindo kidogo. Mche usio na kovu ni wa mbegu, hata kama una kibandiko chenye picha nyekundu inayovutia. Angalia pia kama mizizi imejizungusha ndani ya kiriba mara nyingi, na kama kuna utando mweupe wa pamba kwenye vikwapa vya matawi. Ukiona pamba hiyo, ondoka. Na usibebe miche kutoka nchi jirani kwa njia za panya. Uingizaji wa mimea unahitaji kibali cha Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, na upande wa Kenya kazi hiyo ni ya KEPHIS, shirika la serikali la ukaguzi wa afya ya mimea. Ugonjwa mmoja unaopita mpakani ndani ya kiriba unaweza kuwaumiza majirani zako wote.

Kupanda

Hapa sina mengi. Chagua mahali penye jua kutwa na pasipotuamisha maji. Chimba shimo la sentimita 60 kila upande na kwenda chini, ukitenga udongo wa juu na wa chini. Changanya udongo wa juu na debe moja au mawili ya samadi iliyooza sawasawa, rudisha shimoni, subiri wiki mbili utulie. Panda mwanzoni mwa mvua. Kovu la kubebesha libaki juu ya ardhi kwa sentimita 10 hadi 15. Likifukiwa, sehemu ya juu itatoa mizizi yake yenyewe na faida zote za shina ulilolilipia zitapotea. Kati ya mti na mti acha mita tatu hadi nne. Weka matandazo, lakini yasiguse shina. Kiangazi cha mwaka wa kwanza mti upate ndoo moja ya lita 20 kwa wiki.

Baada ya kupanda, kata ncha ya mche kwenye urefu wa sentimita 70 hivi. Najua inauma kukata kitu ulichokinunua kwa fedha, ila bila hivyo utapata mti mrefu mwembamba unaozaa kileleni. Machipukizi yakitoka, chagua matatu au manne yaliyotazama pande tofauti, mengine ondoa.

Kulaza tawi na kupukutisha majani

Hii ndiyo kazi inayowatenganisha wanaovuna na wanaotazama majani, na sehemu yake ya kupukutisha majani haitajwi sana katika miongozo ya nchi za baridi, kwa sababu kwao baridi yenyewe inaifanya.

Anza na matawi. Tawi linalosimama wima hupeleka nguvu yote kwenye ncha, na ncha hiyo huyazuia macho ya pembeni yasifunguke. Tawi lililolazwa hupunguza kasi ya kurefuka na macho ya pembeni hupata nafasi, mengi yakiwa ya maua. Kwa hiyo, matawi yakiwa bado laini, yavute kwa kamba ya katani au ya kitambaa, ufunge kwenye kigingi ardhini, mpaka yawe nusu ya njia kati ya wima na mlalo, au zaidi kidogo. Kamba isilikabe tawi. Baada ya miezi michache tawi litashika umbo hilo na utafungua. Sehemu zenye joto, kazi hii pekee huongeza maua kwa kiasi ambacho mbolea haiwezi.

Kisha majani. Kwenye nyanda za juu za kusini mvua hukatika mwezi wa nne au wa tano, na baridi huja na ukavu. Huo ni wakati wa kuacha kumwagilia mti uliokomaa na kuacha kabisa mbolea ya naitrojeni, ili mti usichipue ovyo. Baadhi ya majani yatapukutika yenyewe. Yale yanayong'ang'ania, yakiwa magumu na yamechakaa, yaondoe kwa mkono kuanzia mwishoni mwa mwezi wa saba, ukivuta kuelekea ncha ya tawi ili using'oe jicho lililoko kwenye kikwapa. Wiki chache baadaye macho hufunguka kwa pamoja. Kufunguka kwa pamoja ndiko tunakokutafuta, kwa sababu aina zako mbili zinachanua wakati mmoja na nyuki wanahamisha chavua.

Sehemu zenye mvua mbili kwa mwaka na baridi isiyo kali, kama Usambara na sehemu nyingi za Kenya, kanuni ni kupukutisha muda mfupi baada ya mavuno, ndani ya mwezi mmoja hivi. Majani makongwe ndiyo yanayoyazuia macho yasifunguke. Ukiyaondoa mapema, kabla macho hayajaingia katika usingizi mzito, hutahitaji tena baridi nyingi ya kuyaamsha. Ukichelewa, usingizi unakolea. Wakulima wa Batu, katika milima ya Java nchini Indonesia, hufanya hivi kwa mikono na huvuna mara mbili kwa mwaka, ilhali hawana majira ya baridi. Mti wa nyumbani wenye afya huweza kufanyiwa hivi pia, mradi uwe umekomaa na umelishwa. Mti wa mwaka wa kwanza au wa pili usiuguse. Majani ndiyo chakula chake.

Kupogolea kufanywe wakati huohuo mti hauna majani. Ondoa maotea ya chini ya kovu, tawi kavu, tawi lililougua, na yanayosuguana au kuingia katikati. Jua na hewa vipenye ndani. Usizidishe: mti uliokatwa sana hujibu kwa kurusha matawi marefu ya wima, na matawi hayo hayazai.

Matunda yakishika

Mwaka wa kwanza toa matunda yote. Kuanzia mwaka wa pili au wa tatu, yakiwa na ukubwa wa gololi, punguza: acha moja katika kila kishada, na kati ya tunda na tunda pabaki kama sentimita 10 hadi 15. Watoto watalalamika, na hata mzee wa nyumba atasema unaharibu. Lakini mti ulioachiwa matunda yote hutoa madogo yasiyo na utamu, huvunjika matawi, na mwaka unaofuata hupumzika bila kuzaa.

Kuhusu maradhi, tazama mti wako mara moja kwa wiki. Ubwiriunga huonekana kama unga mweupe kwenye majani machanga na ncha. Kata ncha hizo, zichome, na ikibidi pulizia salfa wakati wa asubuhi, kamwe si jua kali. Madoa meusi yenye ukwaru kwenye majani na matunda huja na mvua nyingi. Kukusanya majani yaliyoanguka na kuufungua mti upate hewa hupunguza sana tatizo. Vidukari wa pamba hukaa kwenye makovu ya kupogolea, na kwa mti mmoja au miwili, brashi na maji ya sabuni vinatosha. Nzi wa matunda na ndege wazuie kwa kuyafunika matunda kwa mifuko ya karatasi yakiwa bado mabichi. Gamba la shina karibu na udongo likiwa la kahawia na lenye unyevu unaooza, ondoa matandazo na udongo uliorundikana hapo, na utengeneze njia ya maji mara moja.

Miezi minne hivi baada ya maua, anza kuonja. Usidanganywe na wekundu wa upande mmoja wa Anna, maana hujitokeza kabla tunda halijaiva. Kata moja utazame mbegu: zikiwa za kahawia, liko tayari. Shika tunda kiganjani, linyanyue ukilizungusha kidogo, litaachia pamoja na kikonyo chake. Lisipoachia, lipe siku chache. Matufaa haya hayahifadhiki muda mrefu nje ya friji na hulainika ndani ya wiki moja au mbili, kwa hiyo chuma kidogo kidogo kadiri yanavyoiva, na yanayozidi mahitaji ya nyumbani yapelekwe sokoni wiki hiyohiyo yakiwa bado magumu.