Kabla hujatundika Turner sebuleni

Kabla ya kulipia nakala ya mchoro maarufu, kata boksi lenye ukubwa wa mchoro, libandike ukutani kwa selotepu, ukae nalo siku mbili. Mimi sikufanya hivyo. Nilinunua mchoro wa Mjerumani Caspar David Friedrich wa mtawa aliyesimama ufukweni, nakala ndogo kama daftari. Ule wenyewe, ulioko Berlin, una upana wa zaidi ya sentimita 170, na mtawa ni kijidoa tu chini ya anga pana. Kwangu anga ikawa kiraka cha kijivu. Mama mkwe alichukua kitambaa akamsugua mtawa, akidhani ni uchafu wa kioo.

Sebule ikiwa ndogo, chagua mchoro unaosomeka ukiwa mlangoni. "Temeraire" wa Turner, mchoraji Mwingereza (1839), unafaa: meli kuukuu iliyopauka, mbele yake boti nyeusi inayoivuta huku ikifuka moshi, na kulia jua linazama. Rangi yake ya machungwa inapatana na kochi la kahawia. Kwenye ukuta wa njano itamezwa.

Ukuta unaotazama dirisha usiuwekee fremu ya kioo, utaishia kutazama pazia lako. Chapisha kwenye turubai, kitambaa kile cha wachoraji.