Ufadhili wa Uzamili na Uzamivu wa Sayansi: Tafuta Mradi Kwanza

Mhitimu wa shahada ya kwanza ya sayansi anayetaka kuendelea na masomo kwa kawaida huanza kwa kukusanya majina ya ufadhili: Chevening, Commonwealth, DAAD, Erasmus Mundus na mengine yanayosambazwa kila mwaka kwenye makundi ya WhatsApp. Majina hayo ni ya kweli na fedha zake zipo, lakini njia hiyo humpanga katika foleni moja na waombaji wa sheria, biashara na utawala, ilhali sayansi ina mlango wake ambao wengi hawaubishi hodi. Sehemu kubwa ya fedha za utafiti hutolewa kwa mradi, chini ya jina la mhadhiri anayeuongoza, na ndani ya bajeti ya mradi huo hutengwa fungu la kumsomesha mwanafunzi mmoja au zaidi.

Mfano wa karibu ni RUFORUM, mtandao wa vyuo vikuu vya Afrika wenye makao yake Kampala, ambao hutoa ruzuku za utafiti wa kilimo kwa wahadhiri, na ruzuku hizo hubeba wanafunzi wa uzamili. Anayesoma Sokoine, Morogoro, hafaidiki sana kwa kusubiri tangazo linalomtaja yeye; afadhali aulize idarani ni nani aliyepata ruzuku karibuni na bado hajapata wanafunzi. Kituo cha icipe jijini Nairobi kimekuwa kikifundisha wanafunzi wa uzamivu wa sayansi ya wadudu kupitia programu ya ARPPIS tangu mwaka 1983, na huko pia mwanafunzi huingia katika utafiti ambao tayari unaendelea. Kwa afya ya jamii, Taasisi ya Afya Ifakara na Taasisi ya Nelson Mandela ya Arusha zimekuwa na shahada ya uzamili ya pamoja, na kituo cha utafiti cha KEMRI-Wellcome kilichopo Kilifi kina programu yake ya kulea watafiti vijana. Chuo Kikuu cha Afrika nzima, kinachoendeshwa na Umoja wa Afrika, kina taasisi yake ya sayansi na teknolojia ndani ya Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta (JKUAT), Juja, Kenya, na hutoa ufadhili wa masomo kwa Waafrika wa nchi zote, Wakenya wakiwemo.

Miradi yenye fedha hupatikana vipi? Fungua makala za kisayansi zilizochapwa miaka miwili iliyopita katika fani yako, kisha ushuke moja kwa moja hadi sehemu ya shukrani, ambako waandishi hutaja aliyewafadhili na mara nyingi namba ya ruzuku. Namba hiyo itafute katika hifadhidata za umma: CORDIS kwa miradi ya Umoja wa Ulaya, NIH RePORTER kwa utafiti wa afya unaofadhiliwa na serikali ya Marekani, na Gateway to Research kwa Uingereza. Humo utaona jina la kiongozi wa mradi, tarehe ya kuanza na tarehe ya kumalizika. Mradi ulioanza mwaka jana una nafasi ya kuajiri mtu. Uliobakiza miezi sita umekwisha kugawa fedha zake, hata kama mwenyewe atakujibu kwa upole.

Ukishampata mtu, mwandikie barua pepe fupi. Wengi huharibu hapa kwa kutuma waraka mmoja kwa maprofesa arobaini, wenye salamu ndefu na sifa za jumla. Barua inayosomwa huwa na maudhui kama haya: “Nimesoma makala yenu kuhusu usugu wa mbu kwa viuatilifu. Katika mradi wangu wa mwaka wa mwisho nilifuga viluwiluwi na kupima usugu wao kwa viuatilifu aina mbili, na takwimu nilizichambua mwenyewe kwa programu ya R. Naomba kujua kama mnatarajia kupokea mwanafunzi wa uzamivu mwaka ujao, na kama nafasi hiyo ina fedha.” Ambatisha wasifu wa kurasa mbili na matokeo yako ya chuo. Usione haya kuuliza habari ya fedha, kwa kuwa anayesimamia maabara huiwaza kila siku. Zikipita wiki mbili bila jibu, kumbusha mara moja, kisha endelea na mwingine.

Kwa anayelenga kwenda nje, ni muhimu kujua nchi husika inauchukuliaje uzamivu. Sweden, Norway, Denmark na Uholanzi nafasi nyingi za uzamivu ni ajira, hutangazwa pamoja na kazi nyingine za chuo, na mwenye nafasi hulipwa mshahara. Ujerumani nako mikataba ya kazi ni ya kawaida, ingawa mara nyingi huwa ya nusu au robo tatu ya muda wa kazi. Marekani, idara nyingi za sayansi hupokea wanafunzi wa uzamivu moja kwa moja kutoka shahada ya kwanza, zikiwalipia ada na kuwapa posho kwa kufundisha au kusaidia utafiti. Kwa sababu hiyo sioni busara ya mtu mwenye matokeo mazuri kukaa miaka akisubiri ufadhili wa uzamili, ambao kwa kweli ni adimu kuliko wa uzamivu. Vyuo vingi huko vimekubaliana kwamba aliyepewa nafasi yenye fedha asishurutishwe kujibu kabla ya tarehe 15 Aprili, kwa hiyo usikubali kuharakishwa.

Uingereza, suala la mwanafunzi wa nyumbani na wa kimataifa lina uzito wa pekee. Ufadhili wa uzamivu wa UKRI, shirika la umma linalofadhili utafiti nchini humo, ulifunguliwa kwa wageni kuanzia mwaka wa masomo 2021/22, lakini kwa kawaida hawazidi asilimia 30 ya wanaopokelewa, na UKRI hulipa ada kwa kiwango cha nyumbani tu, ambacho ni cha chini kuliko cha kimataifa. Muulize msimamizi kwa maandishi ni nani atakayefidia tofauti ya ada. Vijana wa familia zetu waliohamia huko wasidhani kwamba pasipoti pekee ndiyo inayoamua: kwa jumla huangaliwa kibali cha ukaazi wa kudumu na miaka mitatu ya kuishi nchini kabla ya kozi kuanza. Anayetimiza masharti hayo na kuishi England anaweza pia kuomba mkopo wa serikali wa uzamili.

Kwa uzamili wa nje, basi, yale majina ya WhatsApp ndiyo yanayobaki. Erasmus Mundus hutoa euro 1,400 kwa mwezi, na Chevening hudai uzoefu wa kazi wa takriban miaka miwili.

Barua ya ufadhili ikifika, isome kwa kalamu mkononi. Tenganisha ada, posho, bima, nauli, vitendanishi (kemikali za maabara) na safari za ukusanyaji wa sampuli, kisha uulize kila kisichotajwa. Mwanafunzi anayekwenda Uingereza hutozwa mchango wa huduma ya afya wa paundi 776 kwa kila mwaka wa viza, kiwango kilichoanza 2024, na hulipwa wote kwa mkupuo wakati wa kuomba viza. Fedha hizo chuo kinaweza kuzirudisha baadaye, au kisizirudishe kabisa. Posho ya kwanza nayo inaweza kuchelewa hadi akaunti ya benki ifunguliwe, kwa hiyo omba malipo ya awali kabla hujakata tiketi.